Kochi Amefika

Nchi hii haipo. Msiitafute kwenye ramani, mtapoteza muda bure, na ninyi mna foleni za kupanga. Inasemwa mapema kwa sababu wako watu ambao wakisikia tu hadithi ya serikali huanza kutupia macho mlangoni. Haipo, basi. Ila umeme wake ulikuwa ukikatika.

Ulikuwa ukikatika, na maji vilevile, na barabara zilichimbwa zikasahauliwa. Serikali ya huko ilikuwa na huruma nyingi, ikaunda Kitengo cha Kuomba Radhi kwa Usumbufu. Kilikuwa kitengo kidogo. Mzee Lwitiko aliomba radhi za umeme tangu nguzo zikiwa mbichi. Chausiku, binti mwenye sauti ya upole, aliomba radhi za maji. Danstan aliomba radhi za barabara, na kwa kuwa mashimo yalikuwa mengi na radhi ilikuwa ileile moja, alikuwa mtu wa kununanuna. Mkuu wao alikuwa Bi Kidawa, mwanamke mfupi, mpole, ambaye hakuwahi kumgombeza mtumishi mbele ya mwenzake.

Wote watatu walifunzwa kazi na yeye. Chausiku alipoajiriwa, tangazo lake la kwanza lilisema wananchi watapata usumbufu utakaojitokeza. Bi Kidawa alimwita pembeni akamuuliza kama nyumbani kwao usumbufu huwa unajitokeza wenyewe. Kisha akamwambia aandike kwamba maji hayatakuja kesho tangu asubuhi, kila mtu ajaze ndoo leo. Radhi isiyokuwa na saa ndani yake, alisema, ni kelele tu. Chausiku hakusahau. Wananchi walilaani giza na ukame, lakini kitengo walikiamini, na ndoo zao zilikuwa zimejaa.

Ndipo mabadiliko yakaja.

Yaliletwa na Waziri wa Mabadiliko na Mengineyo, ambaye wataalamu wake walikuwa wamefanya utafiti. Waligundua kwamba wananchi waliokuwa wakiombwa radhi walikuwa na tabia ya kudhani wamekosewa. Kwenye vijiji visivyo na redio, ambako hakuna aliyewahi kuombwa radhi, hapakuwa na lalamiko hata moja lililofika wizarani. Dawa ikawa wazi. Kitengo kingebadilishwa jina kiwe Kitengo cha Kupokea Shukrani, na kwa kuwa wananchi walikuwa na shughuli nyingi, watumishi wangewaandikia hizo shukrani wenyewe.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia ukumbi mzima. Alisema mabadiliko ni kama mgeni, hayagongi hodi mara mbili. Alisema anajua watumishi wana hofu, na serikali haitawaacha peke yao katika safari hiyo. Kisha akainua kidole na kutoa ahadi iliyoleta mambo yote haya.

"Kila kitengo," alisema, "kitapata kochi."

Ukumbini hapakuwa na mtu asiyejua kwamba Waziri alikusudia kocha, mwalimu wa timu, anayewaelekeza wachezaji. Lakini nani angemsahihisha? Waliokuwepo walikumbuka mwaka ule aliposoma "mifugo" mahali palipoandikwa "mifereji", wakulima wa mpunga wakapelekewa mbuzi wamwagilie mashamba. Mhandisi mmoja alikohoa wakati wa hotuba ile. Mpaka leo yuko kwenye kizuizi cha mpakani, anafungua na kufunga njia ambayo haina magari. Basi ukumbi ukapiga makofi, na hakuna aliyekohoa.

Makochi yakanunuliwa.

La Kitengo cha Kupokea Shukrani lililetwa Jumatatu na wabebaji wanne. Lilikuwa la rangi ya kahawia, la watu watatu, bado limefungwa nailoni ya dukani. Bi Kidawa alilitazama akasubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi, Dakta Nkwabi, ambaye udaktari wake ulikuwa wa kitu gani hakuna aliyewahi kumuuliza, alisimama kando ya kochi akiwa amefunga vifungo vyote vya koti.

"Kochi amefika," alisema. "Mkaribisheni."

Danstan akauliza liwekwe wapi. Dakta Nkwabi akakunja uso. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayemsomea mgonjwa majibu yake, kwamba Kochi ameteuliwa kwa cheo sawa na mshauri mwandamizi, na mtu wa cheo hicho hasemwi "li". Jambo hilo lilikwisha kufikishwa mbele ya Jopo la Ngeli, jopo likaketi, likala, likaamua kwamba chenye cheo kina roho. Kwa hiyo Kochi hawekwi, anakaribishwa. Halipo, hapana, yupo. Kama kisicho na cheo nacho kina roho au hakina, jopo lilisema hilo litajadiliwa siku nyingine kwenye mengineyo.

Akapewa chumba cha peke yake. Hakuna aliyethubutu kumtoa nailoni, maana kumtoa nailoni kungekuwa kumvua kiongozi nguo. Na hakuna aliyemkalia. Waziri alikuwa amesema kila mtumishi atakaa na Kochi ana kwa ana, hakusema atamkalia, kwa hiyo kililetwa kigoda kifupi na mtumishi alikaa hapo, magoti yakimgusa kidevu, akimtazama Kochi kwa heshima.

Lililofuata ndilo lililomkosesha Bi Kidawa usingizi. Dakta Nkwabi alimwita ofisini kwake, akafunga mlango, akampa kiti. Alipopewa kiti Bi Kidawa akajua habari si njema.

"Katika mabadiliko yoyote kuna kupungua," alisema Mkurugenzi. "Kitengo chako kitapungua mtu mmoja. Sisi hatutaki kumwonea mtu, ndiyo maana tumemleta Kochi. Atakaa nao, atawasikiliza, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi wewe utatuambia Kochi ameona nani apungue."

Bi Kidawa akauliza yeye atajuaje Kochi ameona nini.

"Utajua," alisema Dakta Nkwabi, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu ambalo Bi Kidawa hakulipenda kabisa.

Alirudi akawakusanya watu wake watatu. Mkuu mwingine angewaambia wakumbatie mabadiliko, akaondoka. Yeye aliwaambia anachokijua: kwamba mmoja atapungua, kwamba hajui nani, na kwamba hapendi. Aliwaomba wasianze kuogopana. Walimwitikia vizuri sana, na kabla chai haijapoa walikuwa wameanza kuogopana.

Kwanza walimshuku Kochi. Kila alasiri jua lilipopiga dirishani, nailoni ilijikunja ikatoa mlio mdogo, kra, kra, na Mzee Lwitiko akasema huyo anaguna. Danstan alisema ni waya. Alidai tumboni mwa Kochi mna kinasa sauti, maana serikali haiwezi kununua kiti kizuri namna ile kwa ajili ya kukaa tu. Siku moja alijifanya ameangusha kalamu, akapiga magoti, akapapasa chini kwenye mvungu. Alipata ganda la karanga. Wenzake walipomwuliza alisema ndiyo mbinu yao hiyo, wanaweka ganda la karanga ili mtu asitafute zaidi.

Halafu wakashukiana. Chausiku alikuwa akileta maandazi ya watu wote. Akaanza kuleta lake moja, analila amegeukia ukutani. Mzee Lwitiko aliacha kuaga jioni, ili mtu asijue ameondoka lini. Danstan alikuwa akicheka hotuba za Waziri kila zikisomwa redioni, sasa alizisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi mtamu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na kila mmoja akawa anamtazama mwenzake nguo. Kazi yenyewe ilikuwa imekufa. Shukrani walizoandika zilikuwa za aibu. Wananchi wa Bondeni, redio ilisema, wanashukuru kwa giza, limewapa nafasi ya kulala mapema. Maji yalikatika bila saa, na Bondeni watu waliamka na ndoo tupu.

Bi Kidawa aliliona hilo, likamuuma. Timu ya miaka mingi ilikuwa ikioza mbele ya macho yake kama nyanya, moja ikigusa nyingine.

Zamu za kukaa na Kochi zilipoanza, Chausiku ndiye aliyeingia wa kwanza. Bi Kidawa alikuwa mezani kwake, chumba cha pili. Akasikia kigoda kikiburutwa. Akasikia Chausiku akivuta pumzi. Kisha akasikia kila neno.

Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, nyembamba kiasi kwamba mtu akijikuna upande ule ungejua amejikuna wapi. Bi Kidawa alikohoa ili binti ajue. Chausiku, kule ndani, alidhani Kochi amekohoa, akazidi kusema ukweli. Bi Kidawa akawasha feni imfunike sauti, lakini umeme ulikuwa umekatika, na siku hizo hapakuwa na wa kuomba radhi.

Chausiku alimwambia Kochi kwamba hawezi. Akitoka kazini hupita bombani kwao, anawanong'oneza wanawake siku na saa maji yatakapokatika, kama alivyofunzwa, na anajua ni kosa. Alilia kidogo, akashukuru kwa kusikilizwa, akatoka akimwinamia.

Mzee Lwitiko alianza na salamu ndefu. Akasema yeye ameomba radhi miaka mingi hata nyumbani wakimpa chakula anaomba radhi, na akipungua hatajua afanye nini na mdomo wake. Kisha akashusha sauti. Alisema hapendi kumsema mtu, ila Kochi ajue tu kwamba Danstan humwigiza Waziri, kidole na kila kitu, na kwamba ile habari ya mifugo na mifereji ndiyo anayoipenda zaidi.

Danstan alikaa kimya karibu zamu yake nzima. Bi Kidawa alisikia akisimama, akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, polepole, kutoka pembe hadi pembe. Akafika mahali palipo sawasawa na meza yake.

"Huyu si wa kuogopwa, hana masikio," alisema Danstan, mdomo karibu na ubao. "Najua nani anayo. Kama kuna wa kupungua, apungue anayetusikiliza."

  Bi Kidawa hakuwa ameomba kusikia, lakini alikuwa amesikia, na sasa alikuwa na cha kumwangamizia kila mmoja wao. Ndipo alipoelewa lile tabasamu. Kinasa sauti kilikuwepo tangu mwanzo, kilikuwa kinakunywa chai mezani, na jina lake lilikuwa Kidawa.

Jumatano Dakta Nkwabi alipita, akaegemea ule ukuta, akaupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Mbao hizi nilizichagua mwenyewe," alisema. "Kochi anasemaje?"

Bi Kidawa akasema Kochi bado anatafakari. Mkurugenzi akamkumbusha kwamba Ijumaa haina subira, na kwamba kiongozi asiyeweza kutaja jina huenda naye jina lake likatajwa. Aliondoka akipiga mluzi.

Ijumaa ikafika. Kochi alibebwa na wabebaji wanne akaketishwa mbele, chini ya picha ya Waziri. Dakta Nkwabi alisoma hotuba. Alisema safari ya mabadiliko inahitaji mzigo mwepesi. Alisema mtu anayepungua hapotei, anabaki katika takwimu. Alimsifu Kochi kwa usikivu wake, kwa utulivu wake, na kwa kuwa tangu ameajiriwa hajachelewa kazini. Kisha akamgeukia Bi Kidawa amsemee Kochi.

Alisimama. Aliwatazama watu wake. Chausiku alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee Lwitiko midomo ilikuwa ikicheza, anaomba radhi za kitu gani hajulikani. Danstan alikuwa akimkodolea macho, na macho yale yalisema, sema basi, tujue. Bi Kidawa aliogopa, kusema kweli. Aliogopa kama mtoto. Lakini alikuwa pia amechoka, na uchovu ukizidi hofu mtu husema.

"Kochi limekaa nasi mwezi mzima," alisema. "Halijaandika kitu, halijamsaidia mtu, na limetugombanisha. Kama lazima tupunguze, tulipunguze hili."

 Dakta Nkwabi hakukasirika. Akamsogelea na kuongea kwa upole, kama anayemvusha bibi barabara.

"Umeteleza ulimi, Bi Kidawa. Umesema 'limekaa'. Rudia tena, taratibu."

Chini ya meza mguu wa Mzee Lwitiko ulimgusa. Neno moja dogo lingetosha. Amekaa. Hata mtoto angelisema. Kisha yeye angeomba radhi, angetaja jina, angekwenda nyumbani kula.

"Limekaa," alisema Bi Kidawa. "Ni kiti."

Jopo la Ngeli lilikuwa halijawahi kukutana bila barua ya wiki mbili. Siku hiyo lilikutana kabla ya chakula cha mchana, likafungua mengineyo yake. Kama chenye cheo kina roho, lilisema, basi aliyevuliwa cheo roho ya nini? Tangazo lilipelekwa redioni jioni ileile, na aliyepangwa kulisoma, kwa kuwa ndiye mwenye sauti ya uzoefu, alikuwa Mzee Lwitiko.

"Wizara inawatangazia," alisoma, "kwamba Bi Kidawa limeondolewa katika uongozi wa kitengo. Limepelekwa ghala la samani chakavu, na litatunzwa huko hadi litakaponadiwa au kustaafu, lolote litakalotangulia. Kochi amekaimu nafasi hiyo. Wananchi wanashukuru."

Hakukwama popote. Wanaomjua walisema sauti ilikuwa kama ya siku zote, ila alipomaliza alisahau kuzima kipaza sauti, na nchi nzima ikamsikia akipumua.

Ghala lilikuwa nyuma ya wizara, jengo la zamani lenye joto, limejaa meza zilizopasuka na viti vilivyokatika migongo. Bi Kidawa alipewa namba ikabandikwa begani, akaonyeshwa pa kukaa kati ya kabati na stuli. Mlinzi alimsalimu kwa wasiwasi, hajui kama vitu husalimiwa. Siku za kwanza alilia. Watu waliopita nje walimsema, limekondeana, limenyamaza, na kila "li" ilimwingia kama mchanga machoni.

Siku moja mlango ulisukumwa, akaingia Chausiku na kifurushi. Aliinama akatafuta kinasa sauti chini ya makabati, nyuma ya meza, ndani ya droo. Hakuona kitu.

"Shikamoo, Bi Kidawa," alisema. "Umekula?"

 Lilikuwa neno la kawaida kabisa, "umekula", na Bi Kidawa hakuwa amelisikia tangu aondoke. Akatambua kwamba wale wa jopo, pamoja na kula kwao kote, walisahau jambo. Ukimsema mtu pembeni unaweza kumpa ngeli uitakayo, ya kiti, ya mtungi, ya jitu. Ukimgeukia ukamsemesha, huna budi kusema wewe. Hakuna ngeli nyingine hapo.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sijala. Umeniletea nini?"

Yalikuwa maandazi. Wakala pamoja. Chausiku akamweleza kwamba kesho maji ya Bondeni yatakatika tangu asubuhi mpaka usiku, na yeye ameagizwa aandike shukrani. Machozi yalikuwa karibu.

Bi Kidawa akafuta vidole. Akamuuliza, kama zamani, kama wenye nyumba zao huko Bondeni watajaza ndoo au hawatajaza. Chausiku akasema watajaza wakijua. Akamuuliza tena, je, mtu akifanya jambo jema, si anashukuriwa? Chausiku alikaa akifikiri. Kisha akaanza kutabasamu, polepole, na tabasamu hilo Bi Kidawa alilipenda.

Jioni redio ikasema: "Wizara inawashukuru wananchi wa Bondeni kwa kujaza ndoo zao usiku wa leo, kabla maji hayajakatika kesho asubuhi hadi saa nne usiku."

Dakta Nkwabi aliisikia akaisifu. Ilikuwa shukrani. Haikuwa na radhi hata chembe. Na Bondeni nzima iliamka na maji ndani.

Baada ya hapo akaja Mzee Lwitiko. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, yeye aliyeomba radhi za nchi nzima, na hakujua aanzie wapi. Alianza kusema naomba radhi kwa usumbufu, akaishia njiani.

"Nilimtaja Danstan kwa lile kochi," alisema mwisho.

"Nilisikia, kaka Lwitiko. Na nikanyamaza."

"Na wewe nikakusoma redioni."

"Hiyo pia nilisikia. Ulisoma vizuri. Kaa."

Akakaa. Waliongea mpaka mlinzi akagonga. Mzee alitoka akiwa ameelewa jinsi ya kuwashukuru wenye friji kwa kuuza samaki wao mapema, kabla umeme haujakatika Jumapili.

Danstan alichelewa sana kuja. Chausiku alisema anashuku hata shukrani zenyewe, anauliza nani anawafundisha, na huyo naye anafundishwa na nani. Lakini mashimo ya barabarani yalikuwa yakizidi, magari yalikuwa yakipinduka, na shukrani zake hazikuwa zikimsaidia mtu. Adhuhuri moja alisukuma mlango. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole, kutoka pembe hadi pembe, sikio limebanwa. Bi Kidawa alimwacha agonge.

"Huu wa nini?" aliuliza Danstan bila kugeuka.

"Mawe. Nimeugonga mimi mwenyewe, siku ya kwanza kuletwa."

"Na ule mwingine? Ulikuwa unatusikia?"

"Nilikuwa nawasikia," alisema Bi Kidawa. "Nilikohoa, hamkunielewa. Nilipaswa kuja kuwaambia, nikaogopa. Lakini sikumwambia mtu."

Danstan aliutazama ukuta. Halafu akatazama vile viti, vyote vibovu. Akavuta kimoja cha miguu mitatu, akakitikisa, akakipima kwa kiganja, akakitikisa tena.

Kisha akakikalia.